Nta ya baba imeyeyukia Izki

Leo Alhamisi, mwaka wa sitini na moja tangu nitoke Pemba, nimefanya ujinga wa mtoto mdogo.

Rafiki yangu Salim wa Izki, hapa Omani, mzaliwa wa Unguja, hajanisadiki hata siku moja.
"Bunduki ya nguruwe mkipigia kwale? Wapemba nyinyi, bwana!"

Ndivyo hasa. Risasi nzima ingetuachia manyoya matupu. Kwa hiyo baba akilijaza ganda pana la risasi ile marisau, vile vichembe vidogo vya risasi, akaziba mdomo kwa nta ya nyuki na kuikandamiza kwa kidole gumba. (Wapemba wenzangu, nisaidieni. Kwenu hamkuziba hivyo?)

Nilipoondoka alinipa moja, bila ya baruti.
"Rudi nalo, tutalitia baruti."

Picha ya baba sina. Nilikuwa na alama ya kidole chake tu.

Leo nimelichukua kutoka Ibra nikamwoneshe Salim. Nikaliacha garini, chini ya kioo cha mbele, nikashuka kusali naye adhuhuri. Mnalijua jua letu.

Tuliporudi, marisau yametapakaa chini ya viti, na gari zima linanukia kibanda cha baba.

Salim ameyaokota moja moja. Kisha akasema:
"Nta ya nyuki wa jabali ninayo, sheikh. Tuzibe upya?"
"Kwa kidole cha nani?"



Mke wangu ananambia ndege zipo kila siku, niende nikatazame kwetu.
Nilichoambiwa nirudi nacho sinacho tena.
Pemba sitarudi.