Mtungi wa Mumbua wa Saa Ishirini na Nne

"Hiyo kaluvu yako imwagwe saa hii, Anti." Kerubo alikuwa na mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye mlango wa friji. "Carolyne anakagua vyumba leo. Akipata pombe humu tunapandishwa ndege sote, hata Phyllis anayeimba kwaya."

"Si kaluvu."

"Mkamba, mtungi wa lita tano, kitu ya manjano, na tangu jana unaificha kama bibi harusi. Ni nini basi, juisi ya maembe?"

Mumbua alikuwa ameketi kwenye kitanda cha chini, miguu ameikaza pamoja, macho kwenye saa ya mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa sita kasorobo mchana, na jua la Agosti pale Al Thumama, Doha, lilikuwa limechemsha matangi ya juu ya paa hata ukifungua bomba la maji baridi unaweza kusonga ugali papo hapo. Alibakiwa na robo saa ya kuvumilia.

"Fungua unuse," akasema.

Kerubo akafungua. Huyu Kerubo alikuwa mlinzi wa duka la dhahabu, na tangu azaliwe Kisii hakuwa amemwogopa mtu wala mnyama. Aliruka nyuma mpaka kitanda cha Phyllis kikahama ukuta.

"Anti. Huu ni mkojo."

"Wangu. Wa tangu jana saa sita, bila tone kupotea. Funga vizuri uurudishe kwa baridi."

"Karibu na nyama yangu?"

"Daktari alisema uwekwe baridi. Friji ya mikojo sijaiona humu ndani. Na nimeufunga mifuko mitatu, nyama yako iko salama kuliko wewe."

Kerubo alifunga, akaenda kunawa mikono mara mbili kwa sabuni, akarudi kukaa mbali kidogo. Ikabidi Mumbua amweleze.

Wiki mbili zilizopita tumbo lilimshika akiwa na mashine ya kusugulia sakafu. Kampuni ikampeleka kliniki, akapigwa picha, na picha ikaonyesha figo moja tu, ile nyingine mahali pake patupu. Tumbo lilikuwa gesi ya maharagwe, lakini karatasi ya picha ilifika ofisini kabla gesi haijaisha. Carolyne, msimamizi wao, Mkenya mwenzao kabisa, akasimama mbele ya basi zima la kampuni akasema mtu wa figo moja ni nusu mtu, na kampuni haikuajiri nusu. Tiketi ya Mumbua ilikuwa ya Jumapili. Halafu akaongeza kwamba wanawake wengine huuza viungo vyao wakaja Doha kujifanya wazima.

Hapo ndipo alipomchokoza Mumbua.

Mwaka wa tisini na sita kaka yake Mumbua, mwalimu Joram wa Kitui, alivimba miguu hata viatu vikakatwa kwa wembe ndipo vikatoka. Figo zote mbili zilikuwa zimelala. Wazazi wakaita watoto wote saba, na daktari alipotaja kisu, ndugu watano wakakumbuka ghafla kwamba wana safari. Mmoja alisafiri kwenda kwa jirani, akakaa huko miezi mitatu. Akabaki Mumbua. Akasema kateni.

Siku hizo kazi ya kupandikiza figo ilikuwa bado changa. Kulikuwa na madaktari Nairobi waliokuwa wakifuatilia wagonjwa thelathini na kuandika kila kitu, hata chafya. Walimweleza Mumbua hivi: mwili haupendi figo ya mgeni, kwa hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuwafunga kamba askari wa mwili. Wakishafungwa, kila mwizi anaingia. Utando mweupe mdomoni, kikohozi, mkanda wa jeshi, minyoo ya mboga zisizoiva. Mtu mmoja kabla ya Joram figo yake mpya ilifanya kazi kama mashine, halafu akauawa na kikohozi ambacho watoto wake walienda nacho shule. Madaktari wakataka kujua mwizi yupi huja mwezi upi, ili wamngojee mlangoni. Joram akawa anapima joto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la hesabu. Mumbua alimsalimia kupitia kioo wiki sita, akipiga kelele za umbea wa kijiji hadi wodi nzima ikajua nani amemtoroka nani.

Naye alipewa cheo chake: Mtoaji Nambari Tisa. Kila mwaka aliitwa, akapimwa damu, akapewa mtungi. Miaka kumi na moja, mpaka alipokuja Doha, na kila mwaka madaktari walikuta figo iliyobaki imekua na kuchukua kazi ya mwenzake. Kwenye picha ilikuwa imenenepa kidogo tu. Mumbua akiisimulia ilikuwa papai.

"Kwa hivyo hukuuza," Kerubo akasema.

"Mama yangu alinipa soda na mkate. Kama hiyo ni bei, basi niliuza."

"Na Joram?"

"Anafundisha hadi leo. Anachapa watoto kwa nguvu zangu."

Kerubo akacheka kidogo. "Si ungeenda tu nyumbani upumzike, Anti?"

"Nitaenda siku nikitaka. Sitaondoka kwa sababu Carolyne amehesabu vitu vya ndani ya tumbo langu. Yeye anazo mbili na analala stoo saa za kazi."

Daktari Msudani pale kliniki alikuwa amemwambia: niletee mkojo wa saa ishirini na nne, wote, na nikikuta figo inafanya kazi nitaandika barua, ofisi ibishane na namba. Maabara ingefungwa saa nane, na Ijumaa na Jumamosi haikufunguliwa kabisa. Ukimwagika, ilibidi kuanza upya, na Jumapili isingengoja.

Saa sita kamili Mumbua akainuka, akachukua mtungi, akaenda chooni kwa hatua fupi. Alirudi akitembea kama malkia. Ndipo wakasikia funguo zikigongana kwenye korido, na mlango wa chumba cha jirani ukifungwa.

"Weka chini ya kitanda," Kerubo akanong'ona. "Haraka."

"Nimeficha tangu jana kwa ajili ya kinyaa chenu. Kwa Carolyne sifichi."

Akauweka mezani, katikati. Kerubo akaziondoa sahani mbiombio, kisha akavaa kofia yake ya ulinzi na kuja upande ule wa meza ulioelekea mlangoni.

"Nitakusindikiza kliniki," akasema. "Lakini akisema ni pombe?"

Mumbua akachukua kikombe safi, akakiweka kando ya mtungi.

"Nitamkaribisha aonje."

"Anti, wallahi wewe uta—"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Carolyne alisimama hapo na daftari lake la ukaguzi, akatazama mtungi, akatazama kikombe, na Mumbua akakisukuma kikombe upande wake.