Mume Wangu Aniita Shupavu

Bwana Mhariri, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, Mpimbwe, nimeolewa hapa Mpanda na mfanyakazi wa mgodini. Tuna mtoto mmoja, ndiyo kwanza anatambaa.

Kwetu Sitalike neno shupavu nililijua kwa fimbo. Nikikataa kutumwa, baba alisema, "Mtoto huyu shupavu, hatawaliki." Siku ya posa alimwambia hivyo hivyo baba mkwe, wasije wakalalamika baadaye. Yule mzee ni mtu wa Ujiji, na kwao shupavu ni mtu jasiri asiyerudi nyuma. Akafurahi. "Ndiye tunayemtaka," akasema. Baba alishusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Tangu niolewe nimesifiwa kwa neno hilo. Nikichota maji mbali, shupavu. Nilipojifungua mume akiwa zamu, shupavu. Nami nilivimba kichwa, sikatai.

Sasa mume amepewa shamba Mwese, milimani. Anataka niende nikalime, mimi na mtoto tu. Nikamwuliza, "Na wewe nani atakupikia?" Akajibu bila kunitazama, "Hilo lisikusumbue. Wewe shupavu, utaweza." Jirani alikwisha kuninong'oneza kuwa yuko mwanamke karibu na stesheni. Nilipomtaja, mume hakukana. Nikamwambia siendi. Akasema, "Kumbe baba yako alisema kweli. Shupavu wewe."

Tangu hapo situlii. Nafagia ua niliokwisha kuufagia. Nafunga mzigo, naufungua. Usiku nasikiliza mtoto anavyohema, kukicha sijalala. Mama alikuja nikamweleza, akasema, "Nenda mwanangu, usivunje nyumba." Lakini nikienda, si nyumba nimemwachia mwingine? Na nikikaa, anaweza kunirudisha kwa baba, mtoto akabaki kwao.

Juzi alibeba jembe na chungu changu akavipeleka kwa dereva wa lori, vingoje barabara ikauke. Nilimfuata, nikavichukua mbele ya wenzake, nikavirudisha jikoni. Hakunipiga. Hajanisemesha mpaka leo, na chakula nikimwekea anakila akiwa amenipa mgongo.

Nyie mlio kwenye ndoa, wanaume kwa wanawake, mvua bado zinanyesha na lori halijaondoka. Niende Mwese au nikae? Naomba mnijibu kama mngemjibu dada yenu.