Kufuli la Nne

Ghala letu la mbegu za viazi huku Kuresoi lilikuwa na makufuli matatu, kwa sababu kikundi chetu cha akina mama kinatoka vijiji vitatu. Sheria yetu ilikuwa moja: anayechangia anaweka kufuli. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake, na hilo lilituepusha na ugomvi miaka mingi.

Kisha kaunti ikatupa mabati mapya ya kuezekea ghala. Afisa wa wadi alipokuja kuyakabidhi, tulimpa kiti na chai, halafu sisi wenyewe, bila kuombwa, tukamwambia aweke kufuli lake. Si naye amechangia? Alicheka, lakini kesho yake alileta kufuli kubwa kuliko yetu yote. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Mvua ya kupanda ikaanza. Mbegu zilikuwa zimechipua humo ndani, mashamba yameshalimwa, na asiyepanda wiki hiyo angekosa mavuno. Tukasimama mlangoni na funguo zetu tatu, nikampigia afisa simu.

"Mathe, niko kwa meeting Nakuru. Ngojeni kesho."

"Boss, hata jana ulisema kesho."

"Sasa mimi nifanye nini? Hiyo ni project ya kaunti."

Nilikasirika, nikakaa kwenye jiwe. Nimechoka na watu wanaokusaidia kubeba mzigo, kisha wanauita wao.

Mweka hazina wetu, ambaye hata kanisani hunong'ona, akatazama juu. "Mchango wake si ni mabati?" akasema. "Tumrudishie."

Tukaleta ngazi. Tuling'oa bati moja baada ya jingine, tukatolea mbegu kwa juu, tukapanda matope yakitufika vifundoni. Mabati tuliyabeba kwa vichwa hadi ofisi ya wadi, tukayapanga vizuri ukutani. Kufuli lake tuliliacha mlangoni.

Juzi afisa alikuja kuuliza kama tunayataka tena. Tulimpa kiti na chai kama kawaida, maana ugomvi naye hatuna. Nikamwambia tunayataka sana, ila kwanza afungue kufuli lake aende nalo.

Alimaliza chai, akasema atauliza ofisini. Bado hajarudi. Mavuno yanakaribia, mgongo unaniuma, na kila asubuhi naenda kukata nyasi za kuezekea.