Jumamosi Niliyomtaja Bibi

Mwaka jana usharika mmoja wa Mafinga uliniita nikazungumze na walimu wapya wa vijana. Walikuwa kama kumi na wawili, wengi hawajafika miaka thelathini, simu mkononi na daftari magotini. Kazi ile nimeifanya karibu maisha yangu yote, kwa hiyo furaha zake niliwaeleza bila shida: namna kundi la watoto wenye haya linavyogeuka kuwa kwaya, namna kijana uliyemkatia tamaa anavyorudi siku moja na mkewe kukusalimia. Kisha binti mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Bibi, katika kazi hii ni kosa gani liliwahi kukuumiza kuliko yote?" Nikacheka, nikasema yapo mengi, nikanywa chai yangu. Sikumjibu, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa la miaka yangu ya ualimu. Lilikuwa la utoto wangu, milimani juu ya Mbeya, enzi za Mwingereza, nilipokuwa na miaka kumi. Yule binti sikumwambia. Wewe nitakuambia, maana tumejuana siku nyingi.

Kijiji chetu kilikuwa juu sana. Mwezi wa sita umande uliganda juu ya majani ya viazi, na sisi tuliokwenda peku tulikimbilia mahali ng'ombe walipolala ili tupashe nyayo kwenye udongo wenye joto lao. Tulilima viazi, njegere, ulezi, na pareto ya kuuza. Kuchuma pareto ilikuwa kazi ya watoto. Ukimaliza, vidole vinanuka ua mpaka kwenye ugali. Baba alikuwa Mufindi kwenye mashamba ya chai, akirudi mara moja kwa mwaka na sabuni na shati jipya. Nyumbani tulibaki Bibi, ambaye ndiye mama yake baba, pamoja na mama yangu, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya.

Bibi alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kubatizwa pale kijijini. Kila Ijumaa alilifagia kanisa, akaisiriba sakafu kwa samadi na udongo mwekundu, akiimba chini chini, nami nikimchotea maji. Nilikuwa mjukuu wake wa karibu, ubavuni pake siku zote. Akienda kumwona mgonjwa, tulikwenda wote. Akiwa na jambo la kusema kuhusu majirani, aliniambia mimi kabla ya kumwambia mama, na nilijiona mtu mzima.

Mwaka ule kanisa lilituletea mwalimu wa vijana kutoka Iringa. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia. Kiswahili chake kilinyooka. Chetu kilikuwa cha kubahatisha, maana nyumbani tulisema lugha yetu. Siku ya kwanza alitusalimu "Kamwene," salamu ya kwao, tukacheka mpaka tukakaa chini. Mwezi wa pili tulikuwa tunasalimiana hivyo wenyewe kwa wenyewe.

Nakwambia kweli, sijaona tena furaha kama ya Jumamosi zile. Alasiri tulikusanyika, wakubwa kwa wadogo. Kwanza tulikwenda kumlimia mjane au kumbebea mzee kuni, ndipo turudi kanisani kuimba na kusikia neno. Baadaye tulichoma viazi kwenye majivu nje ya kanisa, tukavila na chumvi, midomo imejaa masizi. Mwalimu alizichukua nyimbo zetu za kupura ulezi, akazitia maneno ya Injili. Watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kukanyaga kanisani walikuja kwa sababu ya nyimbo zile, wakabaki.

Hata hivyo, si wote waliofurahi. Mchungaji alikaa mbali, akitufikia kila baada ya miezi mitatu kutoa Meza ya Bwana, na katikati yake ibada ziliongozwa na mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa mtu mnyofu, asiyecheka. Alisema nyimbo zetu zinanuka pombe, maana wapuraji walizoea kuziimba wakinywa. Akaanza kuja Jumamosi, akikaa benchi la nyuma, fimbo katikati ya magoti, akisikiliza.

Ndipo mdogo wangu akaugua. Kikohozi kilimkamata, akawaka homa, akaacha kunyonya. Mama alimbeba mpaka zahanati ya misheni, mwendo wa nusu siku, akarudi na chupa ya dawa. Siku mbili zikapita, mtoto hajabadilika. Asubuhi ya tatu, kukiwa na ukungu, Bibi alinipa kibuyu cha maji na unga wa ulezi, akaniambia nimfuate. Tulipanda hadi kichaka cha juu, walikozikwa watu wa zamani. Kwanza aliomba kwa jina la Yesu, kama kawaida yake. Halafu akakoroga unga na maji, akaumimina kwenye shina la mti, akawataja wazee wa ukoo mmoja mmoja na kuwaambia kwamba mtoto huyu ni wao pia, wamwache akue. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema nao kama unavyosema na watu waliokaa chumba cha pili.

Wakati wa kushuka aliniambia, "Hili ni letu sisi wawili."

Baada ya siku chache mtoto alishika ziwa. Kama ilikuwa dawa ya zahanati, au nini, mimi sijui mpaka leo. Ijumaa ile Bibi alilifagia kanisa kama kawaida.

Wakati huohuo Mwalimu alikuwa amekwenda Iringa kwenye mkutano wa walimu. Huko aliona watu wazima wakisimama mbele ya wenzao, wanataja dhambi zao, wanalia, kisha wanakumbatiana kwa furaha. Alirudi moyo unawaka. Jumamosi iliyofuata hatukwenda kulima. Alituketisha, akatueleza habari za nuru na giza, akasema mwenye jambo lililofichika asimame aliseme, naye atatoka mwepesi kama unyoya.

Msichana mmoja akasema aliiba viazi. Mwingine alimtukana shangazi yake. Kila aliyesema alipigiwa makofi, na Mwalimu akamshika bega. Niliwatazama nikaona dhambi zao ni ndogo ndogo. Mimi nilikuwa na kubwa. Sikusimama kwa uchungu wa moyo, usinifikirie vema hivyo. Nilisimama kwa sababu nilitaka makofi yangu yazidi ya wote.

Nikaeleza yote. Kichaka, kibuyu, unga, wazee walioitwa. Nikasema ni mimi niliyebeba.

Hapakupigwa makofi. Nilimwona Mwalimu amebadilika uso, akitazama juu ya kichwa changu kuelekea benchi la nyuma. Akasema haraka, "Umesema, Mungu amesikia, na mambo haya yanaishia hapa. Tusimame tuimbe." Tukasimama. Mzee wa kanisa hakusimama.

Nilipokuwa narudi nyumbani, wasichana wakubwa ambao hawakuwa wakinijali walinishika mkono njiani. Nilikula viazi vyangu kwa hamu.

Kesho yake baada ya ibada Bibi aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Walimuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Walimuuliza kwa nini alinipeleka mimi, mtoto, akasema mtoto huenda anakotumwa, wasinihesabie kosa. Wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atubu hadharani. Akapewa benchi la karibu na mlango, walikokaa waliotengwa, na ufagio wa kanisa akakabidhiwa mwanamke mwingine.

Jioni ile tulikuwa tunamenya viazi, yeye na mimi. Nilingoja kipigo. Nilipoona hakiji, nikaanza kujitetea mwenyewe, nikasema Mwalimu alituambia tuseme ukweli.

"Na ulisema ukweli," Bibi akasema. Akaendelea kumenya. "Lakini ule haukuwa wako peke yako."

Ndiyo yote aliyowahi kuniambia juu ya jambo lile. Hakunipiga, wala hakuninyima chakula. Ila tangu siku ile aliacha kuniambia mambo. Alipokuwa akizungumza na mama nami nikaingia, mazungumzo yalihamia kwenye kuni. Akienda kwa mgonjwa, alijifunga kaniki yake akatoka peke yake. Nilikuwa mjukuu aliyelishwa na kuvishwa, basi.

Mwalimu alikuja Jumatatu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hataki kukaa. Akamwambia Bibi kwamba kosa ni lake, kwamba aliwafungulia watoto mlango asiojua unaelekea wapi. Bibi akamsogezea sahani ya viazi. "Wewe bado kijana," akamwambia. "Kaa ule."

Alikula, na nilimwona akifuta macho kwa mkono wa koti. Baadaye tulisikia aliwaendea wazee akaomba naye atengwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaanzisha. Wakakataa, wakamwambia mwalimu hatengwi kwa kufundisha toba. Basi Jumapili, kwaya ilipoinuka, Mwalimu hakwenda mbele. Alitembea mpaka benchi la mlangoni, akaketi karibu na Bibi. Mzee wa kanisa alimngoja, kanisa zima likamngoja. Mwisho tukaimba bila kiongozi, kila mtu na sauti yake, aibu tupu. Jumapili ya pili akafanya hivyohivyo, na ya tatu. Kabla ya ya nne ikafika barua ya kumrudisha Iringa.

Tulishuka mjini kumsindikiza, watoto zaidi ya ishirini. Lori lilipakia mbele ya duka la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu mwenye asili ya pwani. Alipoona tunalia alitugawia visheti bila kuuliza tunamlilia nani. Mimi nilijibanza nyuma ya magunia. Mwalimu alinitafuta mpaka akanipata. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, akaniambia, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mwalimu. Usisahau hilo ukiwa mkubwa." Sikumwelewa. Lori likaondoka na vumbi lake, na sijamwona tena.

Kundi letu halikuchukua muda kusambaratika. Mzee wa kanisa alijaribu kulishika mwenyewe, kwa katekisimu na kukariri. Alijitahidi, namsifu kwa hilo. Lakini kufika mavuno tulibaki watatu. Wavulana walikwenda Chunya kutafuta dhahabu au Mufindi kwenye chai, wasichana wakaolewa.

Mchungaji alipokuja, Bibi aliitwa mbele atubu ili arudishwe. Alikwenda taratibu, khanga yake ya Jumapili imekunjwa vizuri mabegani. Akasema, "Natubu kwamba nilificha. Lakini kumtakia mtoto uzima, kwa hilo siwezi kutubu. Nikitubu nitakuwa nadanganya mbele ya Meza." Nadhani Mchungaji alitaka kumpokea. Mzee wa kanisa akasema toba ya nusu si toba, na shauri likaahirishwa hadi ziara ijayo. Ziara ile ikaja, Bibi akasema maneno yaleyale, likaahirishwa tena.

Baridi ya mwezi wa sita ilimkuta kifua kikiwa kimeshachoka. Aliugua siku nane, akafa adhuhuri moja, jua likiwa kali nje. Kwa kuwa alikuwa ametengwa, kengele haikupigwa, wala hakuna mzee aliyekuja kuomba. Wanaume wa ukoo walichimba kaburi kimya kimya. Ndipo tukawaona wanapanda kutoka mashambani, mmoja mmoja na wawili wawili, wale vijana wa Jumamosi waliokuwa bado karibu, wengine na mdogo wao mgongoni. Hakuna aliyewaita. Walisimama kuzunguka kaburi, wakaimba wimbo mmoja wa Mwalimu, ule wa kupura ulezi, beti zote. Mzee wa kanisa alisimama mbali kwenye njia, kofia mkononi. Hakukaribia, wala hakuondoka mpaka wimbo ulipokwisha.

Nimekuwa mwalimu wa vijana mwenyewe, Mbeya, Iringa, na miaka kadhaa Madibira kwenye mpunga. Nimekosea mengi. Lakini sijawahi kumwambia mtoto asimame mbele ya watu aseme ya nyumbani kwao. Akiwa na jambo, nimetembea naye pembeni, tumezungumza huku tunatembea, na tulipofika tulikokuwa tunakwenda, limeishia hapo.

Kanisa letu la udongo lilibomolewa zamani. Liko la matofali sasa, na ngoma zinapigwa ndani yake, hakuna anayesikia harufu ya pombe. Kichaka cha juu kimefyekwa, pamekuwa shamba la viazi. Wazee waliomhukumu Bibi wamekufa wote, na ukiuliza kijijini kesi ile, watu wanakutazama tu. Mdogo wangu amezeeka, ana wajukuu, na nilipomsimulia alisema hajawahi kuisikia.

Ninachobaki nacho ni hiki. Tangu Jumamosi ile mpaka Bibi alipofariki ulipita karibu mwaka mzima, na siku zote hizo tuliota moto mmoja. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nisamehe. Nilisema nitamwambia tukipanda viazi. Tukapanda, nikasema nitamwambia tukivichimba. Tukavichimba, yeye mbele na mimi nyuma yake, siku tatu mfululizo, nikasema ngoja njegere zikomae. Njegere zilikomaa vizuri mwaka ule. Mama alizichuma peke yake.