Nundu Chini ya Kikapu

Mama ndiye aliyeigundua, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akinisugua mgongo Jumamosi moja. Ilikuwa nundu ndogo, ngumu, imeota juu ya mfupa wa bega la kulia kwa nyuma. Aliigusa. Kisha akapima kwa kiganja mahali ambapo kikapu cha chai huegemea. Palikuwa palepale.

Kwa mtu wa Bomet, jibu lilikuwa limeshapatikana. Sisi huchuma kwa mikono miwili na kurusha majani nyuma, juu ya bega, mpaka kikapu kijae. Kila niliporusha, bega lililia ko, na baridi ya Julai ikiingia liliuma kama jino bovu. Sikulalamika, maana hakuna kitu nilichokipenda kama kuchuma na mama. Nyumbani alikuwa mkali kama pilipili, lakini katikati ya miti ya chai aligeuka mtu mwingine. Aliimba nyimbo za kanisa kwa maneno ya kujitungia. Alimwiga yule mtu wa mizani wa kituo cha kupimia majani, kikohozi chake na maringo yake, mpaka mimi nikakaa chini kwa kucheka.

"Ni mimi nimekuharibu," aliniambia siku ile. "Nilikubebesha kikapu mifupa ikiwa bado laini."

Kwenye zahanati tulipewa dawa ya kuchua. Hospitali ya Kericho mama hakutaka hata kuisikia, kwa sababu aliogopa kuulizwa ni nani alimpa mtoto mzigo. Muhula ulipoisha alinipeleka Kipkelion kwa mdogo wake, kwenye mahindi na ng'ombe, nisomee huko. Nililia njia nzima, naye akajifanya hasikii.

Huko nundu iliendelea kukua bila kikapu. Mama mdogo si mtu wa kuficha neno. "Hii kitu inakula nini," aliuliza, "na huku hakuna majani chai?" Mama alipoulizwa hivyo alijibu kwamba ubaya ulishaingia. Likizo nilirudi nyumbani, na kila asubuhi nilimfuata shambani, naye akanirudisha kutoka njiani.

"Rudi jikoni. Unataka nikuue?"

Nilimkasirikia sana. Nilidhani ananionea aibu, kwamba hataki majirani wamwone na mtoto mwenye kibyongo. Kwa hiyo nami nikajifunza kununa, na kununa nilikuwa na kipaji nako. Likizo nyingine nilizimaliza bila kumwambia zaidi ya shikamoo yangu ya shingo upande.

Nilipomaliza sekondari, mama mdogo alichoka na hofu zetu, akatukokota sote wawili hadi Kericho. Daktari, mwanamke wa makamo, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Si kansa," akasema. "Ni mfupa umeota juu ya mfupa. Inaanza mtu akiwa mtoto, inakua na yeye. Akiacha kurefuka, hata yenyewe inaacha."

"Na kikapu?" mama akauliza.

"Kikapu gani, mama?"

Mama akamweleza, macho yake sakafuni. Daktari akatikisa kichwa. "Kikapu ilikuwa inasugua tu, ndiyo maana aliumwa. Hata angekaa bure miaka hiyo yote, ingeota."

Nilingoja mama afurahi. Nilitamani kweli afurahi. Alitoka nje, akaketi kwenye benchi, akaikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kumbe ungekaa," akasema. "Ungekaa tu na mimi."

Nilikuwa na hasira kifuani, na kwa mara ya kwanza sikujua niielekeze kwa nani.

Kesho yake alinipa kikapu mwenyewe, amekishonea kipande cha blanketi mahali pa kuegemea bega. Tulichuma kila mmoja na mstari wake. Niliporusha majani bega likalia ko, mama akageuka kunitazama, kisha akarudia kazi yake. Mwishowe nikamwomba amwige yule mtu wa mizani.

"Yule alihamishwa kitambo," akasema. "Siku hizi kuna mwingine. Huyo humjui."