Bwana Mifugo Aliyetibu Kompyuta Zilizonyamaza

Taarifa ya msiba huu ilinikuta ndani ya uzio wangu, mahali ambapo wasomaji wa safu hii mnajua ninapatikana kwa uhakika kuliko ofisa yeyote wa wilaya. Jirani alisimama barabarani, hakubisha hodi, akasema tu, "Umesikia? Bwana mifugo amefariki. Walimkimbiza Songea jana, presha, hakurudi." Nikakaa chini. Yeye akaongeza, "Sasa kompyuta zetu itakuwaje?" Nilitaka kumkaripia, ila nilikuta swali hilohilo limeshanipitia kichwani, tena bila kubisha hodi. Marehemu alizikwa hapahapa Mbinga, mapema, kama dini yake inavyotaka, na ndugu zake kutoka Kondoa walifika sisi tumekwisha kuondoka makaburini. Pale kaburini nilimsikia mhasibu wa ofisi moja akimnong'oneza mwenzake kwamba projekta yao imegoma tangu wiki iliyopita. Mtu hajafukiwa bado, tumeshaanza kumtafuta kama spana iliyopotea. Jambo hilo limenikaa vibaya, na leo naomba mnivumilie nilitoe.

Kwa ajira yake serikalini, marehemu alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikuja kwetu kwa uhamisho, akazunguka na pikipiki kutoka mjini hadi Mapera na kule Litumbandyosi, akichanja, akizalisha, akipasua majipu ya mbuzi. Kompyuta yalikuwa mapenzi yake tu. Ni yeye aliyetuletea ule mfumo huria unaoitwa Linux, usionunuliwa wala kuibwa, akauweka kwenye mashine zetu kuukuu ambazo ule mfumo wa kununua, ambao sote tulikuwa nao bila kuununua, ulikuwa umezichosha hadi zinawaka kwa kusukumwa. Zikafufuka. Ila ufufuko huo ulikuwa na kilema chake. Mashine inawaka vizuri, barua unaandika, lakini spika ziko kimya. Au video ya kwaya inakwenda kwa kurukaruka, waimbaji wanafunga midomo ndipo sauti inafika. Hapo anaitwa bwana mifugo. Anavua kofia ya pikipiki, anaitazama mashine kwa mbali, kisha anamwuliza mwenyewe maswali yaleyale anayouliza zizini: "Jana alikuwa mzima? Mara ya mwisho alilia lini? Amekula nini kigeni?" Kula kitu kigeni, kwa kompyuta, maana yake ni programu uliyoiongeza bila kujua unachofanya. Wote tulikana. Wote tulikuwa tumelisha.

Mimi alinikuta katika aibu ya peke yangu. Mwanangu alikuwa amepata mchumba huko ziwani, upande wa Mbamba Bay, na kwa kuwa tumbo langu halielewani na kona za kuteremkia Nyasa, nilishauri mazungumzo ya kwanza na wakwe tuyafanye kwa video. Mke wangu alisema hiyo ni dharau. Nikamwambia dunia imebadilika. Siku ikafika, wakwe wamejipanga sebuleni kwao na nguo za kanisani, mimi nimevaa koti juu na kaptula chini, maana kamera haioni chini. Picha ikafunguka. Kisha baba wa binti akasema taratibu, "Mzee mwenzangu, mbona umening'inia kama popo?" Kamera ilikuwa inanipeleka kwao kichwa chini. Mama mmoja nyuma yake akanong'ona kwa mnong'ono uliofika hadi Mbinga, "Au ndiyo mila zao Wamatengo?" Nikainuka kuipindua kompyuta, na hapo kaptula nayo ikaonekana, juu kabisa, pale panapokaa kichwa cha mtu mwenye heshima zake. Nikaisimamisha mashine mezani kama hema. Wao wakaniona sawasawa. Sasa mimi ndiye niliyewaona wao miguu juu. Nilimwombea mwanangu mke huku shingo nimeilaza begani, nikiitikia ndiyo kwa mambo ambayo hadi leo siyajui.

Kesho yake bwana mifugo alikuja, akacheka mpaka akakaa kizingitini. Alipomaliza kucheka aliingia, akasimama nyuma ya kiti changu na kuifunga mikono yake mgongoni. "Haya, kaa. Andika."

"Si ufanye tu wewe? Wewe ndiye unayejua."

"Ng'ombe namshika mwenyewe. Kibodi ni yako."

Ndivyo alivyokuwa. Hakugusa. Alikutajia amri herufi kwa herufi, akakueleza kila neno linafanya kazi gani, akasubiri uipate. Mimi niliandika kama mtu anayenakili jina la dawa, kamera ikanisimamisha wima, nikamshukuru, nikasahau. Wengine hawakufika hata hapo. Ofisini walimwambia, "Gusa tu bwana, mkuu yuko njiani." Kanisani walimwambia misa inaanza, na yeye Mwislamu amesimama kwenye chumba cha kwaya akingoja Wakristo wakubali kujifunza jinsi ya kurudisha sauti ya kinanda chao. Haraka zetu zilimshinda. Taratibu ile mikono ikatoka mgongoni ikahamia kwenye kibodi, akawa anatengeneza na kuondoka, nasi tukawa tunamsifu kwamba siku hizi amekuwa mwepesi.

Mtu mmoja tu hakumruhusu kugusa. Huyu ni mwalimu mstaafu, jirani yangu, aliyenifundisha darasa la tano na anayeendelea kujuta. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru alipostaafu. Yeye ndiye katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, na kazi hiyo anaifanya kwa kompyuta inayomsomea kila kilichopo kwenye kioo, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua. Naomba mnielewe hapa. Kwangu mimi spika zikinyamaza nimekosa muziki. Kwake yeye kioo chote kimezimika. Na ukatibu si cheo tu kwake. Alipopoteza macho, watu walianza kuzungumza naye kupitia kwa binti yake. Walisimama mbele yake wakauliza, "Mama atakunywa chai?" kana kwamba na masikio yamekwenda. Alipokuwa katibu wakalazimika kurudi kumwambia yeye mwenyewe, kwa sababu barua za wanunuzi na mihtasari yote ilikuwa mikononi mwake.

Bwana mifugo alimfundisha kwa namna iliyoniudhi. Nilipita siku moja nikamkuta Mwalimu ameinama kwenye kibodi, jasho linamtoka, na mashine haitoi hata mlio. Nikauliza imeharibika? "Haijaharibika," Mwalimu akasema. "Huyu ameizima sauti kwa makusudi. Amenifumba macho mara ya pili." Marehemu alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni, anamtaka aandike amri za kurudisha sauti bila kusikia chochote, kwa vidole tu. Nikamwambia amwache mama wa watu. Akanigeukia. "Siku niko Litumbandyosi na ndama amekwama tumboni, atamwita nani? Wewe?" Mwalimu akacheka kwanza, nikakosa hata mtu wa kunitetea.

Wiki chache baada ya mazishi, mashine ya Mwalimu ilijisasisha yenyewe, kama zinavyofanya, ikaamka bubu. Aliandika zile amri zote alizofundishwa, kwa vidole, gizani. Haikusema. Akazirudia. Haikusema. Mkutano wa kikundi ulikuwa umekaribia, na habari zikamfikia mwenyekiti kabla hazijanifikia mimi ninayeishi mlango wa pili. Mwenyekiti alikuja kwa upole wote, akasema Mwalimu ametumika sana, sasa apumzike, yupo mtu atakayeshika ukatibu kwa muda. Mwalimu alinisimulia baadaye kilichomchoma. "Maneno hayo alikuwa anamwambia binti yangu. Nasikia sauti inaelekea wapi. Alikuwa amenipa ubavu."

Akaniita. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Kaa. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma. Kilikuwa Kiingereza, maneno mafupi mafupi yaliyojaa nukta na mistari. Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mwalimu alishika paji la uso. "Kumbe Kiingereza nilichokufundisha kiliishia getini pa shule." Akawa anatamka amri, mimi naandika, kisha namsomea jibu, naye analipanga kichwani. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima. Mwishowe kioo kikaonyesha matundu mawili ya kutolea sauti. "Mbele ya mojawapo kuna kinyota?" akauliza, maana kinyota ndicho huonyesha sauti inatokea wapi. Kilikuwepo. "Lipi hilo?" Nikamsomea herufi moja moja. Akaegemea kiti. "Hilo ni tundu la runinga," akasema. "Kwa hiyo haijanyamaza. Inasema siku zote hizi. Inaisemea runinga ambayo sina." Tukakihamisha kinyota kwenye spika. Mashine ikasoma mstari uliokuwa mbele yake, kwa sauti ileile ya pua, na Mwalimu akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa.

Nimelifikiria sana tundu lile. Tulipopewa mfumo wa bure tulidhani bure maana yake ni bila jasho. Uhuria wake, kama marehemu alivyokuwa akituambia na sisi tukitazama saa, ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Haujasema kwamba utajirekebisha. Lazima awepo wa kufungua. Serikali ilituletea mtu wa ng'ombe kutoka mbali, tukamgeuza fundi wa wilaya bila kumuuliza, tukamwita akiwa ameingiza mkono ndani ya ng'ombe, na aliyejisumbua kusikiliza alichokuwa anasema ni mmoja, tena yule ambaye hawezi kuona anachoelekezwa. Sisi wenye macho tuliangalia mikono yake ikifanya kazi, tukaridhika.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kahawa. Nilikwenda mwenyewe, na waliozoea kumwona mke wangu kwenye kiti changu waliniuliza kama kuna msiba nyumbani. Mwenyekiti akaeleza habari ya katibu wa muda. Mwalimu akasimama na mashine yake, ikasoma muhtasari wa mkutano uliopita. Baadhi walicheka ile sauti, kama kawaida, lakini hakuna aliyepata kosa la kurekebisha. Ndipo mkulima mmoja, mtu mwema, akauliza: "Mwalimu, tunakupenda. Ila ikigoma tena, na bwana mifugo hayupo?"

"Hilo ndilo swali," Mwalimu akajibu. "Fundi aliyebaki ni mimi, na fundi huyo haoni kioo. Nataka watu wawili waje kwangu kila Jumamosi. Nitawafundisha alivyonifundisha. Mkikosekana, basi mwenyekiti ana haki, chukueni ukatibu wenu."

Kila mtu aliona kitu cha kuangalia kwenye paa. Mmoja akasema ana palizi, mwingine akasema vidole vyake ni vya jembe. Mwenyekiti akasubiri kidogo, akasema basi uamuzi tutaufanya mkutano ujao, tusimame tufunge kwa sala. Na mimi, ambaye mkono wangu una uzito kama mwenye nao, ndipo nikauinua. Mwenyekiti akauona akafurahi. "Haya, ndugu yetu anataka kutuombea."

Sikuwa nimesali mbele ya watu tangu nipokee kipaimara. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikamshukuru Mungu kwa mvua na kwa kahawa, nikamwomba ampokee yule mtumishi aliyetoka Kondoa na dini yake akatutumikia wote. Kisha nikamwambia Mungu, kwa sauti ya kusikika, kwamba kila Jumamosi mimi nitakuwa kwa Mwalimu, na nikamsihi amguse mtu mwingine mmoja humuhumu ghalani. Mtu akisali hakatizwi. Amina ilikuwa hafifu sana, isipokuwa moja. "Saa tatu," akasema Mwalimu baada ya kuitikia. "Na uje na miwani."

Nimeanza kwenda. Kichwa changu ni kigumu, na yeye hana huruma ya marehemu. Mwenzangu wa pili hajajitokeza, mkutano ujao haujafika, na sijui kama mkono mmoja utamtosha Mwalimu kubaki na kazi yake. Ninachojua ni hiki, na ndicho ninachowaachia. Kama yupo mtu mmoja unayempigia simu kila kitu kinapogoma, awe wa kompyuta, wa pampu au wa umeme, mpigie leo, kila kitu kikiwa kizima. Atashtuka, atauliza kuna tatizo gani. Mwambie hakuna tatizo. Mwambie unataka akufundishe, na kwamba safari hii una nafasi.