Siku Stendi Walipowavizia Sokoni

Nilirudi Katesh na diploma ya maendeleo ya jamii, niliyoisomea jioni baada ya kushinda nikipakua saruji kwenye maghala ya Arusha. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sikubebwa na mjomba wala na mheshimiwa yeyote. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, na watu hadi wa Hirbadaw huelekezana njia kwa kulitaja. Pikipiki ya mdogo wangu niliinunua mimi. Kwa hiyo vita vya bodaboda vilipoanza mjini kwetu, nilivihesabu kuwa vimeanzia sebuleni kwangu.

Vita hivyo vilikuwa kati ya vijiwe viwili: Stendi, walioongozwa na mdogo wangu, na Sokoni, walioongozwa na jamaa mmoja wa kifua kipana aliyewahi kuwa mchinjaji. Chanzo ni abiria aliyeshuka kwenye basi la Singida akiwa na godoro. Stendi walimshika abiria, Sokoni wakashika godoro, na kila upande ukaondoka na ulichokishika. Hapo amani ikaisha. Sokoni wakamwaga mchanga kwenye tanki la mtu wa Stendi. Stendi wakawanasa watu wa Sokoni karibu na mashine ya kusaga, wakawavua viatu, wakawarudisha mjini pekupeku. Sokoni wakajibu kwa kuchoma kibanda cha Stendi, na benchi lake, na bendera yake.

Lakini adabu haikuvunjwa. Yule jamaa wa Sokoni alimzidi mdogo wangu umri, na kwetu mkubwa huamkiwa hata kama umekuja kumvunja taya. Siku moja walikutana mbele ya duka langu, nikawasikia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wazima nyumbani?"

"Wazima. Wewe ni mchomaji wa vibanda."

"Na wewe ni panya. Mama anaendeleaje na mguu?"

"Anaendelea vizuri, anakusalimu. Kibanda chetu utakilipia kwa meno."

Mkuu wa kituo cha polisi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akawaita wote wawili. Akawaeleza taratibu, kwa ile sauti ya pwani inayofanya hata tishio lisikike kama mwaliko wa chai, kwamba atakayeanzisha tena, pikipiki yake itabaki kituoni na yeye ataenda mahakamani.

Jioni ile mama akaja dukani. Hakukaa.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Mdogo wako anakula kwa ile pikipiki, na mkewe yuko karibu kujifungua. Akifungwa, nakuletea mke, mtoto na mimi mwenyewe. Tafuta vyumba."

Asubuhi ya mnada wa mifugo nilipita stendi nikakuta hakuna pikipiki hata moja. Siku ya mnada, abiria wanagombaniwa, na Stendi hawapo! Nikaenda kwa shemeji yangu. Akaniambia mume wake ametoka na fimbo kuelekea Endasak. Nikaelewa. Kila mnada yule jamaa wa Sokoni hupanda kule juu kuchukua wateja wake.

Niliacha pikapu yangu barabarani nikapanda kwa miguu. Nikawakuta kwenye kona, njia inapopita kati ya mashamba ya mahindi. Walikuwa wametandaza matawi ya miiba njiani na kuchuchumaa ndani ya mahindi, pikipiki zao wamezificha nyuma, kila mmoja na fimbo yake. Nikaanza kuwaeleza hatua za kutatua mgogoro katika jamii. Nilikuwa bado kwenye utangulizi.

"Kaka," mdogo wangu akanong'ona, "chuchumaa au ondoka. Hilo shati lako jeupe linaonekana hadi Babati."

Nikachuchumaa. Mtaalamu lazima awe karibu na walengwa.

Mara pikipiki ikasikika inashuka. Ikapiga miiba, ikayumba, ikasimama tairi likilia pusss. Vijana wakaruka nje ya mahindi, fimbo juu. Hapo ndipo tukaona kwamba nyuma ya yule jamaa kulikuwa na bibi mmoja aliyejifunga blanketi, ameketi upande, jogoo kwapani.

Hakuna aliyepiga. Bibi akawatazama wote.

"Hamnioni?"

"Shikamoo bibi," wakaitika pamoja.

"Mnaniamkia kwa kwaya? Tena na fimbo mkononi? Mmoja mmoja."

Kweli, mkubwa haamkiwi fimbo ikiwa juu. Kijana wa kwanza akatafuta pa kuiweka yake, akaona mimi peke yangu sina kitu mikononi, akanipa. Wa pili naye akanipa. Nikabebeshwa zote kama kuni.

Foleni ikaanza. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wa nani wewe?" Akijibiwa jina la baba, anataka la babu. Akipewa la babu, anauliza shamba liko upande gani na kama yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa. Kijana mmoja alilazimika kueleza kwa nini baba yake aliuza shamba la bondeni, akaeleza mpaka akatoka jasho. Yule jamaa wa Sokoni alikuwa amekaa akingoja kipigo chake. Alipoona kinachelewa, akashuka, akachukua spana, akaanza kufungua tairi.

Zamu ya mdogo wangu ikafika.

"Wewe si ndiye mkeo ana mimba? Unafanya nini kwenye mahindi ya watu?"

"Nipo tu, bibi."

"Kama upo tu, nipeleke mnadani. Huyu pikipiki yake imekufa."

Mdogo wangu akamtazama adui yake. Kumchukulia mwenzako mteja ndiko kulikoleta vita vyote hivi. Yule jamaa hakuinua hata kichwa. "Mpeleke," akasema. "Pole pole kwenye makorongo, mgongo unamsumbua."

Walikuwa hawajafika mbali sana gari la polisi lilipotokea upande wa juu, likielekea kulinda mnada. Mkuu wa kituo mwenyewe akashuka. Akaona miiba njiani, tairi limefunguliwa, vijana wa Stendi wamemzunguka mtu wa Sokoni, na mimi katikati nimekumbatia fimbo.

"Bwana msomi," akasema kwa upole, "hizo fimbo za nini?"

Sikuwa na kosa lolote, lakini maelezo yote ya kweli yaliishia kwa mdogo wangu. Vijana wakamtazama yule jamaa. Neno moja tu kutoka kwake, na pikipiki ingelala kituoni, mwenyewe angelala rumande, na mtoto angezaliwa baba hayupo.

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo afande. Ni za kuuza mnadani. Nilikuwa nambebea huyu kaka, nikapata pancha. Hawa wamekuja kunisaidia."

"Si ana duka la saruji huyu?"

"Anapanua biashara."

Afande akatazama fimbo, akalitazama shati langu. "Vizuri sana. Panda garini, nikuone unavyouza."

Ndiyo maana siku ile niliuza fimbo za kuchungia katikati ya mbuzi, huku mkuu wa kituo amesimama kando amekunja mikono. Mtu mwingine angeaibika. Mimi niliuza. Niliwaambia wafugaji fimbo hizi hazijawahi kumpiga mtu, nao wakaniamini, maana ilikuwa kweli. Afande alipochoka kusimama akaondoka.

Imebaki fimbo moja, mdogo wangu akafika, na yule jamaa amekaa nyuma yake, tairi lake mapajani. Jamaa akaichukua ile fimbo, akaipima mkononi.

"Hii ndiyo ilikuwa yangu?"

"Hiyo."

"Nzito."

"Niliichagua mwenyewe."

"Naondoka nayo."

"Chukua."

Jamaa akaiweka begani. "Shemeji akishikwa na uchungu usiku, mnipigie. Taa ya pikipiki yako naiona haiwaki tangu mwezi uliopita."

Mdogo wangu akainamia taa yake, akaipangusa vumbi kwa kidole, akasema atapiga. Mzee mmoja akaja akiulizia fimbo nzuri. Nikamwambia zimekwisha, arudi mnada ujao.